Kubadili gia kwenye trekta na lori la zamani bila kuzisaga

Leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea, tunazungumzia mkono wa kushoto na mguu wa kushoto wa dereva.

Vijana wengi ninaowatembelea wamejichanga, au wamekopa kupitia vikundi, wakanunua trekta lililokwishatumika. Mara nyingi ni Massey Ferguson 135, 240 au 265, au Ford 5000 na ndugu zake. Wengine wameongeza lori kuukuu la kusomba mahindi, mpunga na tumbaku. Uamuzi huo siupingi hata kidogo. Mashine hizi ni ngumu, fundi wa mtaani anazijua na vipuri vinapatikana. Tatizo ni kwamba anayeziendesha mara nyingi amejifunzia Toyota ya juzi, ambayo giaboksi yake inamsamehe. Trekta la zamani halisamehi. Ukikosea linapiga kelele krrrr, na kila ukiisikia kelele hiyo ujue chuma kinakula chuma.

Hasara yake ni kiasi gani?

Tuanze na hesabu maana sisi ni wafanyabiashara. Tuseme trekta lako linalima ekari 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na unatoza shilingi 50,000 kwa ekari (weka bei ya kijijini kwako). Gia ikivunjika jino mwezi wa kumi na mbili, giaboksi ikafunguliwa, ukasubiri kipuri kutoka Mwanza au Dar es Salaam wiki 2, umepoteza ekari 96. Hiyo ni shilingi 4,800,000, na bado hujamlipa fundi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza kati ya Novemba na Desemba, na mahindi yanayochelewa kupandwa yanapungua mavuno. Mteja hawezi kukusubiri, ataita trekta la jirani, na mwakani ataanza na huyo jirani.

Kuna hasara nyingine iliyojificha. Kwenye Massey Ferguson za aina hii, oili ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki ni moja, inazunguka kwenye tumbo moja. Pampu ya haidroliki nayo imekaa humo humo ndani ya oili. Kwa hiyo unga wa chuma unaotoka kwenye meno ya gia haubaki kwenye gia, unasafiri na oili mpaka unaweza kufika kwenye pampu inayonyanyua plau. Mkulima anakuja analalamika, "Bwana shamba, mikono ya nyuma hainyanyui." Ukichunguza historia ya trekta, unakuta dereva wake amesaga gia misimu mitatu.

Mkoa wetu una somo la zamani kuhusu mashine na madereva. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, na maeneo yake yalikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo yetu hii. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, na mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya kijeshi vya Sherman. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Sababu zilikuwa nyingi: mvua, udongo mgumu, mipango iliyopangwa mbali na shamba. Lakini mitambo nayo ilichangia. Ilikuwa imechoka tangu mwanzo, vipuri vilikuwa mbali, na wengi waliokabidhiwa usukani hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Kama serikali yenye fedha ilishindwa kwa mambo hayo, wewe mwenye trekta moja usiyapuuze.

Kwa nini gia inalia?

Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili za kuzingatia. Moja inapokea mzunguko kutoka kwenye injini kupitia klachi. Nyingine imeungana na magurudumu. Ukiingiza gia unayashikanisha meno ya upande wa injini na meno ya upande wa magurudumu. Pande hizo mbili zikiwa na mwendo unaolingana, meno yanaingia kimya. Zikitofautiana, yanagongana.

Mtazame konda wa daladala. Gari likiwa linaondoka yeye hasimami wima barabarani na kudaka mlango. Anakimbia kwanza sambamba na gari, mwendo wake ukilingana na wa gari ndipo anaruka ndani. Akidaka mlango akiwa amesimama, bega linachomoka. Gia nayo iko hivyo hivyo, lazima ikimbie sambamba kwanza.

Kwenye magari mapya kazi hiyo inafanywa na kifaa kinachoitwa sinkronaiza. Ni ringi, mara nyingi ya shaba, inayosugua gia mpaka mwendo ulingane ndipo meno yaruhusiwe kuingia. Kampuni ya Cadillac ya Marekani iliingiza kifaa hicho kwenye magari yake mwaka 1928, lakini matrekta mengi ya miaka ya 1960 na 1970 hayakuwekewa. Hata yale malori makubwa ya Kimarekani yanayopita hapa kwenda Kigoma, yenye giaboksi ya Eaton Fuller, mengi yake hayana sinkronaiza mpaka leo. Kwenye mashine ya namna hiyo sinkronaiza ni wewe dereva.

Sehemu ya kwanza: trekta

Kanuni ya trekta la zamani ni fupi: chagua gia ukiwa umesimama, kisha fanya kazi na gia hiyo. Trekta la aina hii halikutengenezwa ubadilishe gia katikati ya tuta kama uko kwenye lami.

Fanya hivi:

1. Simamisha trekta kabisa. Punguza moto, injini inguruме taratibu.
2. Kanyaga klachi mpaka mwisho wa hatua inayohitajika. Matrekta mengi yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu unakata nguvu ya magurudumu, ukikanyaga mpaka chini unakata na PTO.
3. Hesabu moja mpaka nne. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Ukikanyaga klachi, shafti ya ndani haisimami papo hapo, bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki. Ukiingiza gia sekunde hiyo hiyo, itakwaruza hata kama klachi ni mpya.
4. Sukuma gia kwa kiganja, bila kuipiga. Ikigoma kabisa, bila kelele, maana yake meno yametazamana ncha kwa ncha. Usiivunje. Rudisha fri, achia klachi kidogo ili shafti ijisogeze, kanyaga tena, hesabu, ingiza. Itaingia.
5. Gia ndogo ya pembeni, ile ya Hai na Lo, nayo ibadilishwe trekta likiwa limesimama.
6. Achia klachi taratibu mpaka mwisho, kisha toa mguu kabisa kwenye pedali. Mguu unaopumzika juu ya klachi unachosha beringi na unaunguza pleti.

Utajuaje umechagua gia sahihi ya kulima? Pima. Chomeka vijiti viwili vilivyoachana mita 20, pita katikati ukiwa unalima, na mwenzako ashike saa ya simu. Ukitumia sekunde 12, unakwenda kilomita 6 kwa saa, mwendo mzuri kwa plau ya diski. Injini ikitoa moshi mweusi na kuzama sauti, gia ni nyepesi mno kwa mzigo huo. Simama, shuka gia moja. Injini ikipiga kelele nyingi na trekta linajikokota bila kazi, panda gia moja. Udongo wa mbuga za Igunga na kichanga cha Uyui havilimwi kwa gia moja, kwa hiyo pima upya kila unapohama shamba.

Kwa wanaotumia slasha ya kukatia majani: kwenye matrekta ambayo PTO haijitegemei, panga za slasha zikiwa bado zinazunguka zinarudisha nguvu kwenye giaboksi. Unakanyaga klachi, lakini trekta linaendelea kusukumwa mbele na gia zinalia. Usibishane nalo. Subiri panga zitulie, na mwambie fundi akufungie kiungo kinachoruhusu slasha izunguke bila kuirudishia trekta nguvu. Hapa giaboksi ni jambo dogo. Trekta linalokataa kusimama linaweza kumfuata mtu.

Sehemu ya pili: lori lisilo na sinkronaiza, au ambalo sinkronaiza zake zimekwisha

Lori huwezi kulisimamisha kila unapobadili gia. Hapa tunatumia klachi mara mbili.

*Kupanda gia, yaani kwenda gia nyepesi:*

1. Achia mafuta, kanyaga klachi, toa gia, weka fri.
2. Achia klachi ukiwa fri. Sauti ya injini itaanza kushuka, na shafti ya ndani inashuka nayo.
3. Sauti ikishuka kiasi kinachotakiwa, kanyaga klachi tena, ingiza gia inayofuata, achia klachi, rudisha mafuta.

*Kushuka gia, yaani kwenda gia nzito:*

1. Achia mafuta, kanyaga klachi, weka fri.
2. Achia klachi. Ukiwa fri, kanyaga mafuta kidogo injini ipande.
3. Sauti ikiwa juu, kanyaga klachi haraka, ingiza gia nzito, achia klachi.

Kwa nini kupanda tunasubiri injini ishuke, na kushuka tunaipandisha? Chukua mfano. Tuseme gia ya tatu ya lori lako inahitaji injini izunguke mara 3 ili shafti ya nyuma izunguke mara 1, na gia ya nne inahitaji mara 2. Uko gia ya tatu, injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Shafti ya nyuma inazunguka kama mara 667. Ukitaka gia ya nne kwa mwendo ule ule wa lori, injini inapaswa kuwa 667 mara 2, yaani kama 1,333. Kwa hiyo lazima uisubiri ishuke kutoka 2,000 mpaka karibu 1,333. Ukirudi kutoka ya nne kwenda ya tatu, mambo yanageuka: lazima uipandishe kutoka 1,333 mpaka karibu 2,000. Ukijua hivyo, huhitaji kukariri hatua, utazikumbuka kwa sababu unajua maana yake.

Madereva wazee hawatazami hata mshale wa dashibodi, wanasikiliza sauti. Nawe funga redio wiki mbili za kwanza. Panda gia ukiwa na lori tupu kwenye barabara tulivu mpaka sikio lijue, "hapa ndipo inapoingia". Mkono usisukume, uegemeze tu. Mwendo ukilingana gia inazama yenyewe kama kijiko kwenye uji. Ukisikia inaanza kukwaruza, rudi fri na uanze upya. Usilazimishe kwa kusema "itaingia tu".

Mlimani na kwenye mteremko

Tabora yetu ni tambarare, ndiyo maana vijana wengi hawajazoea mteremko. Siku wanapeleka mzigo Singida wanakutana na mlima Sekenke wakitokea upande wa Igunga, na kurudi wanaushuka wakiwa na mbolea juu. Hapo kosa la gia halihesabiwi kwa shilingi.

Kanuni ni hii: gia ya kushukia mlima huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka. Ukishaanza kushuka na mzigo kwa gia nyepesi, ukataka kupunguza katikati, utatoa gia na kukaa fri. Ukiwa fri lori linaongeza mwendo kila sekunde, na sasa ile gia nzito inahitaji injini izunguke kwa kasi ambayo huwezi kuifikisha. Gia inagoma, unabaki na breki peke yake, na breki za lori la zamani zikichemka zinalegea. Simama juu kabla ya mteremko, ingiza gia nzito, shuka taratibu injini ikikushikilia.

Trekta lenye tela la magunia nalo lina hatari hiyo hiyo, hata kwenye kamteremko kadogo ka kuingia darajani. Usikanyage klachi ukiwa unashuka na tela, na usiache fri "kuokoa mafuta". Tela litakusukuma, litajikunja, litakupindua. Pedali mbili za breki ziunganishwe ukiwa barabarani. Na mtu asipande kwenye matoleo ya tairi wala juu ya magunia, hata akiwa shangazi yako anayewahi mnadani.

Tahadhari maalumu kwa wenye Massey Ferguson za zamani zenye swichi ya Multi-Power, ile yenye alama za kobe na sungura. Ikiwa kwenye kobe, magurudumu yanaweza kuizidi injini mbio, yaani injini haikushikilii mteremkoni. Unadhani umeweka mwendo wa pole na uko salama, kumbe uko kama fri. Kabla ya kushuka weka sungura, kisha tumia gia nzito ya kawaida. Kama umenunua trekta hilo bila kitabu, mwonyeshe jambo hili kila dereva unayemwajiri.

Ikiwa unafuata hatua zote na bado gia inalia

Basi tatizo si wewe. Pima hivi: trekta limesimama, injini iko taratibu, gia fri. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Ikilia, klachi haikati vizuri. Angalia yafuatayo kwa mpangilio huu, kuanzia la bei rahisi:

- Mchezo wa pedali. Pedali isogee kidogo bila uzito kabla ya kuanza kukaza. Mchezo ukiwa mwingi mno, klachi haikati na gia zinalia. Usipokuwepo kabisa, klachi inateleza na kuungua. Kipimo kipo kwenye kitabu cha mashine, na kurekebisha ni kazi ya spana na dakika chache.
- Kebo, fimbo au mafuta ya klachi. Kwenye malori yanayotumia mafuta ya klachi, hewa ikiingia pedali inakuwa laini na haikati. Itolewe hewa, na pavujapo pazibwe.
- Pleti kugandana na kutu. Hutokea kwenye trekta lililolala nje masika nzima. Mwite fundi, usilivute kwa nguvu na gia ikiwa ndani.
- Oili. Pima kina, tazama rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Chovya sumaku ndogo kwenye oili uliyomwaga: vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyokwaruza vidoleni ni meno. Kwa giaboksi yenye ringi za shaba usiweke oili ya GL-5 kama kitabu kinasema GL-4, kwani inaweza kuila shaba.

Ukienda kununua trekta kuukuu, kipimo hicho cha rivasi na hicho cha sumaku ufanye kabla ya kutoa hata shilingi. Liendeshe kila gia, mbele na nyuma, likiwa na mzigo. Gia inayoruka kurudi fri yenyewe inakuambia kwamba meno yake yamelika au kishikizo chake kimechoka. Muuzaji akisema "hiyo ni kawaida ya haya matrekta", shusha bei au ondoka.

Mfundishe dereva wako

Vijana wengi wenye trekta hawaliendeshi wenyewe, wanamwachia dereva. Kijana mmoja wa Uyui ninayefanya naye kazi amefanya jambo dogo ambalo nawashauri wote mliige. Kabla ya msimu anampa dereva mpya siku mbili kwenye uwanja mtupu, bila plau. Kisha anamwambia posho ya mwisho wa msimu itategemea sumaku: oili ikimwagwa, wanaitazama wote wawili. Dereva anajua kwamba kila krrr imeandikwa mahali.

Njia hii yetu ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora mpaka Ujiji ilijengwa na miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Sifa yao haikuwa nguvu peke yake, walijua mwendo unaofaa kwa mzigo na kwa umbali. Mwenye trekta anahitaji elimu hiyo hiyo.

Kazi ya wiki hii: kabla ya mvua, fanya kipimo cha rivasi, rekebisha mchezo wa pedali, pima oili, na umkalishe dereva wako mfanye zoezi la kuhesabu mpaka nne. Ukikwama, mwone afisa ugani wa kata yako akuelekeze kwa fundi anayeaminika. Tukutane shambani.